Wa ndani au wa kimataifa: shule binafsi za Marekani zitamweka mwanao kapu gani

Barua pepe iliingia saa nne usiku. Nilikuwa nimetoka zamu, sare bado mwilini. Chuo binafsi ambacho binti yangu alikitamani kuliko vyote kilidai vitu viwili kabla ya kuendelea na maombi yake: matokeo ya TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza, na barua ya benki kuonyesha kwamba tunazo fedha za mwaka mzima wa kwanza. Nilisoma mara mbili. Mtoto huyu aliingia nchi hii ana miaka saba. Kiswahili ndicho ninachomlazimisha, Kiingereza anakiota usingizini. Na benki gani hiyo? Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, mume wangu anaendesha foklifti ghalani. Sisi ndio wale wabeba boksi mnaowasikia.

Ilikuwa Novemba 2019. Kesho yake, wakati wa mapumziko, nilijifungia chumba cha kufulia mashuka nikapiga simu. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Alifungua faili akaniuliza, "Binti yako ni raia wa Tanzania?" Nikasema ndiyo. "Basi ni mwombaji wa kimataifa." Nikamwambia ana grini kadi tangu 2009, tuliingia kwa bahati nasibu ya viza. Akanyamaza kidogo, nasikia vidole kwenye kibodi. "Hapa hamkuandika hivyo."

Na kweli hatukuandika. Kwenye Common App, fomu moja ya kuomba vyuo vingi, kuna swali la hali ya uraia, na majibu ya kuchagua: raia wa Marekani, mkazi wa kudumu (yaani mwenye grini kadi), mkimbizi au aliyepewa hifadhi, wasio na makaratasi na wenye DACA (kinga ya muda kwa walioletwa utotoni), na raia wa nchi nyingine. Binti alikuja kuniuliza achague lipi. Mimi, bila kuinua macho kwenye sufuria, nikamjibu: "Wewe si Mtanzania? Weka hapo." Hakukuwa na uongo ndani yake, ila ndilo jibu lililompeleka pabaya.

Tulituma nakala ya kadi, mbele na nyuma, na barua fupi. Siku tisa baadaye akahamishiwa kapu la wa ndani, na habari ya barua ya benki ikafa. Tangu hapo meza yangu ya jikoni imekuwa kama ofisi. Kila mwaka ikifika Agosti naletewa watoto wa watu: Wakongo waliotoka kambi ya Nyarugusu, Wakenya, Watanzania wenzangu. Mimi si wakili, na penye suala la kisheria nitakwambia nenda kwa wakili. Lakini haya ya makapu nimeyaona ya kutosha.

Binafsi si ya serikali

Watu wengi huanza kwa kuchanganya mambo mawili. Vyuo vya serikali za majimbo vina swali lao: je, wewe ni mkazi wa jimbo hili? Jibu hilo hubadilisha ada yenyewe, na kila jimbo lina sheria yake. Chuo binafsi hakijali unakaa jimbo gani. Ada yake kwa kawaida ni moja, uwe umezaliwa Ohio au Tabora. Kwa hiyo akija mtu kukwambia "wa kimataifa wanalipa ada kubwa zaidi", mwulize anazungumzia chuo gani.

Kinachobadilika kwenye chuo binafsi ni vitu vitatu, na ni vizito kuliko ada. Kwanza, faili la mtoto linasomwa pamoja na la nani. Pili, uwezo wenu wa kulipa unaangaliwa kabla ya kumkubali, au unaangaliwa baadaye. Tatu, mkikosa fedha, pengo linazibwa na mfuko upi.

Hapo pa pili ndipo penye maumivu. Vyuo vingi tajiri humpokea mwombaji wa ndani bila kutazama mfuko wa wazazi wake, ila kwa wa kimataifa hutazama kwanza. Maana yake ni kwamba watoto wawili wenye alama sawa na barua za walimu zenye sifa zile zile, mmoja anapimwa kwa kichwa chake, mwingine kwa kichwa chake na akaunti ya baba yake. Vipo vyuo vichache visivyotazama mfuko kwa mwombaji yeyote duniani: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimekuwa hivyo kwa miaka mingi, Dartmouth na Bowdoin wakajiunga 2022, na Brown ikafuata kwa kundi lililoanza masomo 2025. Kwenye hivyo, kuwekwa kapu la kimataifa hakukupunguzii nafasi kwa sababu ya umaskini. Kwingineko, jihadhari.

Kwa nini wagawe watu hivyo? Sababu ziko tatu, na ukizijua utaelewa hata majibu ya ajabu unayopewa. Kuna fedha za serikali kuu, yaani ruzuku ya Pell na mikopo ya wanafunzi, ambazo chuo kinaweza kumpa mtoto wa ndani na hakiruhusiwi kumpa mwenye viza ya muda. Mtoto wa nje ana maana mfuko wa chuo wenyewe ndio utakaobeba mzigo wote. Kuna viza: mtoto anayehitaji viza ya mwanafunzi, F-1, lazima shule imwandikie fomu ya I-20, na kabla ya kuiandika lazima ione fedha za angalau mwaka wa kwanza. Ile barua ya benki iliyoninyima usingizi ilitoka hapo. Tena kuna takwimu. Kila mwaka vyuo hupeleka hesabu za wanafunzi kwa serikali, na aliyeko nchini kwa viza au kwa muda huhesabiwa fungu la peke yake, wakati mwenye grini kadi na mkimbizi huhesabiwa pamoja na wenyeji.

Ona kwamba kila sababu inamilikiwa na ofisi tofauti. Ndiyo maana mtoto mmoja anaweza kuwa wa ndani kwa ofisi ya udahili, wa nje kwa ofisi ya misaada ya fedha, na asiwe chochote kwa ofisi ya viza kwa kuwa hahitaji I-20. Neno "international" halikuelezi wewe ni nani. Linaeleza kanuni ya ofisi ile, kwenye chuo kile, mwaka ule.

Anza na karatasi iliyo mkononi

Kabla hujafungua fomu yoyote, weka makaratasi ya mtoto mezani. Nasema ya mtoto. Karibu kila mzazi huja na ya kwake. Hali inayohesabiwa ni ya mwanafunzi. Mama asiye na makaratasi mwenye mtoto aliyezaliwa Dallas ana mtoto raia, basi. Na kinyume chake pia: baba mwenye grini kadi anaweza kuwa na kijana ambaye bado anasubiri yake.

Raia hana maneno mengi, ila niseme neno kwa wale waliozaa Marekani wakarudi nyumbani na mtoto. Kijana wako anayesoma Arusha au Mombasa kwa pasipoti ya Marekani ni raia, na anaruhusiwa kuomba misaada ya serikali kuu kwa fomu ya FAFSA kama mtoto yeyote wa Kentucky. Faili lake linaweza kusomwa na afisa anayeshughulikia Afrika kwa sababu ndiye anayezifahamu shule za huko na mitihani yake. Hilo lisikutishe. Asomwe na nani ni jambo moja, alipiwe na mfuko upi ni lingine.

Mwenye grini kadi huwekwa kwa wa ndani karibu kila mahali. Shida hutokea kwa waliofika juzi, kadi haijaja. Fungua pasipoti ukurasa wenye viza ya uhamiaji. Chini kuna maandishi madogo kwa Kiingereza yanayosema kwamba viza hiyo ikishagongwa muhuri wa kuingilia inasimama badala ya I-551, yaani grini kadi, kwa mwaka mmoja. Kijana mmoja niliyemsaidia alikuwa amefika miezi miwili kabla, na karani akamwambia arudi kadi ikija. Tulipiga picha ukurasa ule, tukazungushia mstari ule mdogo kwa kalamu nyekundu, tukatuma. Hakuambiwa tena kusubiri.

Mkimbizi aliyepokelewa kama mkimbizi, na mtu ambaye ombi lake la hifadhi limeshakubaliwa, wanahesabiwa kwa misaada ya serikali kuu hata kabla ya kupata grini kadi. Karatasi yao ni I-94, ile rekodi ya kuingia nchini. Nimekuta washauri wa shule za sekondari, watu wazuri kabisa, wakimwambia mtoto wa Nyarugusu kwamba "wewe ni wa kimataifa kwa sababu huna pasipoti ya Marekani." Si kweli. Kwenye Common App wana mstari wao, wauchague huo. Ila sheria za uhamiaji na misaada zinaguswa kila mara siku hizi, kwa hiyo soma masharti ya FAFSA ya mwaka ule ule unaoomba, usitegemee ya kaka yake.

Kama huelewi kabisa mtoto ana hali gani, chukua kibali chake cha kazi kama anacho. Kuna sehemu imeandikwa "Category", na chini yake herufi na tarakimu mbili. A03 ni mkimbizi. A05 amepewa hifadhi. C08 ombi la hifadhi bado linasubiri. C09 ameomba grini kadi akiwa humu humu nchini na hajajibiwa. C33 ni DACA. Nimeona familia imeishi miaka minne ikisema "sisi tuna hifadhi" wakati kadi inasema C08. Kujilipua, kama vijana wanavyoita, ni kuomba. Kupewa ni siku nyingine, na tofauti ya siku hizo mbili kwenye FAFSA ni kupata au kukosa. Hata mwenye C09, ambaye roho yake iko karibu kabisa na kadi, kwa FAFSA bado hajafika.

Pale vyuo vinapotofautiana

Sasa tumefika kwa wenye C08, wenye TPS (ulinzi wa muda kwa watu wa nchi zenye machafuko), wenye DACA, wasio na karatasi yoyote, na watoto wa wenye viza za kazi, wanaokuja kwa viza za wategemezi H-4 na L-2. Hawa fedha za serikali kuu hawapati. Lakini chuo binafsi kina fedha zake, na kina uhuru wa kuamua kitawaita nani.

Tufts mwaka 2015, kisha Brown mwaka 2016, walitangaza kwamba watawachukulia wasio na makaratasi kama waombaji wa ndani. Pomona wamekwenda mbali zaidi: wanaangalia mtoto anamalizia sekondari wapi. Akimaliza Marekani, maombi yake hayatazamwi mfuko, uraia wowote awe nao. Mpango wa QuestBridge, unaowaunganisha watoto wa familia zenye kipato kidogo na vyuo tajiri, nao uko wazi kwa anayesoma sekondari ndani ya Marekani bila kujali hali yake, ingawa kila chuo kilichomo kina masharti yake juu ya hayo. Upande mwingine viko vyuo, vizuri tu, vitakavyomweka mtoto yule yule aliyesoma hapa tangu chekechea kwenye kapu moja na kijana ambaye hajawahi kutoka Seoul.

Watoto wa H-4 ndio wanaoniumiza zaidi, kwa sababu wazazi wao wana kazi nzuri na hawajui kwamba kuna tatizo. Baba ni mhandisi, mtoto kaja ana miaka mitano, foleni ya grini kadi haisogei. Anakuja kujua yeye ni "wa kimataifa" akiwa darasa la kumi na mbili. Na akifika miaka 21 kabla foleni haijafika, hata hiyo H-4 inakwisha na anahitaji F-1 yake mwenyewe. Familia ya namna hii ianze kuchagua vyuo kwa kigezo cha kapu tangu darasa la kumi.

Kwa wote hawa njia ni moja: uliza chuo kwa chuo, kwa maandishi. Usipige simu kama nilivyofanya mimi, simu haiachi karatasi. Andika barua pepe ofisi ya udahili, nakala kwa ofisi ya misaada ya fedha, kwenye barua moja, ili wakijibu tofauti waone wenyewe. Taja hali ya mtoto kwa maneno yao rasmi, taja kwamba anamalizia sekondari hapa na tangu mwaka gani, halafu uliza hivi. Maombi yake yatasomwa pamoja na ya wa ndani au ya kimataifa? Je, mtaangalia uwezo wa kulipa katika kuamua kumpokea? Mkimpokea, mnaziba pengo lote la mahitaji au sehemu? Anajaza fomu zipi: FAFSA, CSS Profile, au ya kwenu? Je, anahitaji kipimo cha Kiingereza?

Hilo la mwisho watu hulidharau. Kwa vyuo vingi TOEFL haihusiani na uraia, inahusiana na lugha aliyosomea. Mtoto wa grini kadi aliyefika mwaka jana anaweza kuombwa, na Mkenya wa shule ya Nairobi anaweza kusamehewa. Kabla hujalipia mtihani, uliza kama miaka aliyosoma kwa Kiingereza inatosha.

CSS Profile ni fomu ya shirika la College Board ambayo vyuo binafsi vingi hutumia kugawa fedha zao wenyewe. Inauliza mambo mengi kuliko FAFSA, hadi thamani ya nyumba. Kwa familia zilizoko Marekani zenye kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka ni bure. Mtoto asiyeruhusiwa FAFSA mara nyingi huambiwa ajaze hii tu.

Kama mtoto hana makaratasi kabisa, usitaje jina kwenye barua ya kwanza. Fungua anwani mpya ya barua pepe, uliza kwa jumla. Vyuo vimezoea maswali hayo. Na familia ambayo mtoto ni raia lakini wazazi hawana karatasi, izungumze na wakili kabla ya kuweka majina ya wazazi kwenye FAFSA, maana ile inakwenda serikalini. Mtoto ana haki yake, hilo halina ubishi. Jinsi ya kuitumia ndiyo inayotaka ushauri wa mtu mwenye leseni. Si mimi, wala yule bwana wa kodi aliyebandika bango la huduma za uhamiaji dirishani.

Jambo moja nalikemea hadi watoto wananiogopa: usiweke alama kwenye "raia wa Marekani" kama hujawa raia. Usiseme "wataniona wa ndani halafu nitarekebisha." Kudai uraia kwa uongo ili kupata faida ya kisheria ni kosa ambalo sheria ya uhamiaji tangu 1996 hulihesabu miongoni mwa yasiyosameheka kwa urahisi, na linaweza kukufungia njia ya grini kadi maisha yako yote. Chuo utapata kingine.

Watoto wa shule, si wa chuo

Kwa shule binafsi za msingi na sekondari mambo ni mepesi, kwa sababu hakuna FAFSA wala Pell. Misaada inatoka mfuko wa shule, na fomu zake zinaangalia kipato cha nyumba. Swali kubwa wanalokuuliza ni moja: mtoto anahitaji I-20? Kama anaishi na wewe kwa grini kadi, kwa ukimbizi, kwa H-4 au L-2, jibu ni hapana, na kwa shule nyingi za kutwa hapo ndipo mjadala unapoishia. Za bweni huwa na tabia nyingine: baadhi huhesabu "wa kimataifa" kwa mahali wazazi wanapoishi, kwa hiyo raia wa Marekani ambaye wazazi wako Kigali anajikuta kundi moja na wenye F-1.

Lakini msilete mpwa kwa viza ya matembezi mkitegemea kumwandikisha. Nasema hivi kwa sababu nimelia na shangazi mmoja juu ya jambo hili. Viza ya B-2 hairuhusu kusoma shule. Inabidi shule yenye kibali cha kupokea wageni imwandikie I-20, alipe dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, apate F-1. Baada ya hapo yeye ni wa kimataifa bila ubishi, na mnaonyesha fedha. Na mkichoka ada katikati ya mwaka, hamwezi kumhamishia shule ya serikali ya mtaani hivi hivi: mwenye F-1 haruhusiwi shule ya msingi ya serikali kabisa, na sekondari ya serikali ni miezi 12 jumla, tena mkiilipa gharama kamili. Mtoto wa jirani asiye na karatasi hata moja anapokelewa shule hiyo hiyo bure, kwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1982. Shangazi alidhani namtania.

Hali ikibadilika katikati

Makaratasi hayasubiri kalenda ya udahili. Hifadhi inaweza kukubaliwa Februari, maombi yalishatumwa Januari. Siku karatasi ikitoka, andika ofisi zote mbili siku hiyo hiyo na uambatishe nakala. Vyuo vingi vina kanuni kwamba wa kimataifa ambaye hakuomba msaada wakati wa kuomba nafasi haruhusiwi kuomba baadaye. Kubadilika kwa hali ndiyo njia ya kutoka kwenye kanuni hiyo, ila mpaka waambiwe.

Majina nayo angalia. Wapo waliofika na viza imeandikwa FNU, yaani jina la kwanza halijulikani, mahali pa jina la kwanza, kwa sababu pasipoti ilikuwa na jina moja. Wapo ndugu watatu wa baba mmoja wenye majina matatu ya ukoo, na wote wamezaliwa tarehe 1 Januari kwa mujibu wa karani wa kambini. FAFSA inalinganisha jina, tarehe na namba A (namba ya uhamiaji iliyo kwenye kadi) na rekodi za uhamiaji na za Social Security, ofisi ya hifadhi ya jamii. Kama shuleni anaitwa hivi na kwenye kadi vile, mashine itasema hajulikani. Fomu ifuate kadi, hata kama kadi imekosea, hadi kadi irekebishwe.

Na wenye watoto wadogo, sikilizeni hili la uraia. Tanzania hairuhusu uraia pacha, na hiyo ndiyo iliyotukwamisha miaka yote. Tulipofikisha miaka mitano ya grini kadi tungeweza kuomba, tukasita. Kwa sheria ya watoto inayotumika tangu Februari 2001, mzazi mmoja akila kiapo wakati mtoto hajatimiza miaka 18, ana grini kadi na anaishi naye chini ya malezi yake, mtoto anakuwa raia pale pale bila kuapa. Binti yangu mkubwa alipita umri huo sisi bado tunabishana mezani. Mume wangu aliapa 2021, mdogo wake akiwa na miaka 13.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya huyo mdogo kuomba chuo. Safari hii nilikaa naye mwenyewe. Uraia: Marekani. FAFSA ikarudi na ujumbe kwamba uraia wake haukuthibitika. Moyo ukanipasuka, nikaona yale yale ya 2019. Kumbe Social Security walikuwa bado wanamjua kama mkazi wa kudumu. Yeye hakwenda kuapa, kwa hiyo hakuna aliyewaambia. Tulichukua pasipoti yake na kadi, tukapanga foleni Jumatano asubuhi, namba yetu ilikuwa A47. Karani alitazama pasipoti, akapiga vitufe, akamrudishia. "Sasa uko sawa," akasema. Wiki iliyofuata tukaituma upya FAFSA yake, kwenye chuo kile kile cha 2019.